Anayemlaza Fon ni Mimi

Mpendwa Mshauri,

Msaada naomba, lakini kwanza nikwambie kwamba shule niliiacha darasa la saba nikaingia machinjio ya nguruwe nikakaa huko miaka thelathini na minane, kwa hiyo ukikuta nukta hazipo mahali pake ziweke wewe, ndiyo kazi unayolipwa. Ukurasa wako nausoma kila Jumatano nikishamaliza ule wa vifo, na sikuwahi kufikiri nitakuja kukuandikia, hasa baada ya vile ulivyomjibu yule bwana wa njiwa mwezi uliopita, maana mimi nilikuwa upande wa njiwa.

Nina miaka sabini na nne, mgane, naishi chumba cha uani kwa binti yangu Gitte na mumewe Flemming, ambaye ni mtu mwema kabisa ila hawezi kutundika picha bila kutoboa bomba la maji. Hawa wawili wamesubiri mtoto miaka sita, makaratasi juu ya makaratasi, na mwisho wa mwezi wa nane wakaenda Thailand wakarudi na Fon. Ana miaka miwili na miezi minne, amekulia nyumba ya watoto yatima tangu ana wiki moja, nywele zimesimama kama brashi ya viatu na uso ni wa mkaguzi wa nyama. Siku ya kuwapokea uwanja wa ndege tulikwenda ukoo mzima na bendera zetu ndogo za Denmark mkononi, tukazipeperusha, naye akatukagua mmoja mmoja, akaona hatufai, akajilaza begani kwa Flemming. Nilimpenda hapo hapo.

Sasa, chama kilichowapatia mtoto kiliwapa na karatasi ya masharti: miezi mitatu ya kwanza anayembeba, kumlisha, kumwogesha na kumbembeleza ni mama na baba peke yao, ili mtoto ajue hawa ndio wake na si wafanyakazi wengine wa zamu. Gitte alinisomea yote mezani, kidole juu ya mstari.

"Na babu anaruhusiwa nini?" nikauliza.

"Kupunga mkono, baba."

"Kwa karibu au kwa mbali?"

"Baba, hili si la mzaha."

"Sifanyi mzaha. Naulizia umbali."

Basi nikapunga mkono siku tano mfululizo mpaka kiwiko kikaniuma, na ningeendelea mpaka Krismasi kama si usingizi wa mchana. Hapa kwetu mtoto analala mchana nje, ndani ya kigari chake, uwe umande uwe upepo, Gitte alilala hivyo na mimi nililala hivyo na hatukufa, kwa hiyo Fon naye akafungwa mkanda, akafunikwa duveti, akawekwa chini ya dirisha la jikoni. Gitte akichungulia dirishani anaona kifuniko cha kigari tu, kumetulia, anasema, "Amelala." Mimi nilikuwa banda la kuni upande wa pili napasua vijiti na niliona macho. Yalikuwa wazi. Kwa muda wa saa moja na nusu mtoto amelala chali anatazama matawi, halii, hageuki, hamwiti mtu. Mshauri, nimefanya kazi na wanaume wazima mia mbili na sijawahi kuona mtu anayejua kusubiri vile.

Siku ya sita nikachukua kreti tupu ya bia, nikazunguka nyuma ya banda, nikaiweka upande ule ambao dirisha haliuoni, nikaketi, nikapitisha vidole viwili, viwili tu, nikampigapiga kifuani polepole na nikamwimbia wimbo pekee ninaoujua mpaka mwisho, ambao ni wa kunywea bia kule machinjioni na maneno yake gazeti lenu haliwezi kuyachapa. Akanikagua. Kwenye ubeti wa tatu akafumba macho. Sikumbeba, sikumlisha, sikumwogesha, na kwenye karatasi ya masharti vidole viwili havikutajwa. Tangu siku hiyo nipo kila mchana, anapoanza kujinyoosha mimi naondoka na kreti yangu kama mwizi wa kuku, Gitte anatoka anamkuta mtoto ana mashavu mekundu, basi nyumba nzima furaha.

Aliyenigundua ni jirani yetu Bi Ravn, juu ya ua wa miti.

"Wewe mzee, mtoto unamwimbia nyimbo za walevi."

"Kidenmark bado hajakijua."

"Mimi ninakijua."

"Basi ziba masikio, mama."

"Na Gitte anajua kwamba uko hapa?"

Hapo nikakumbuka kwamba nilikuwa na kuni za kupanga.

Jumapili moja tukanywa kahawa na keki, Fon kwenye kiti chake kirefu anapekua keki kutafuta kosa, na Gitte akaniambia, "Unajua baba, sasa ikifika saa sita ananishika mkono mwenyewe, ananivuta mpaka mlangoni. Anataka kigari. Chakula bado ananigomea, kuoga ananigomea, lakini hili la kulala nimeliweza."

"Huyu sasa ni Mdenmark kamili," Flemming akasema.

"Muuguzi wa watoto alipopita ameniambia niendelee hivyo hivyo," Gitte akasema, na alivyokuwa amenawiri sijamwona hivyo tangu siku ya harusi yake. Nikaongeza keki.

Halafu Jumamosi iliyopita Fon akateleza uani akachubuka goti, na kwa mara ya kwanza tangu afike akalia, kilio cha kweli, cha mdomo wazi. Gitte alikuwa karibu yake, mimi nilikuwa kule kwenye kuni. Mtoto akampita mama yake mikono imenyooka mbele akaja kukumbatia suruali yangu. Mimi nikanyanyua mikono yote miwili juu kama mtu anayeporwa benki. Gitte akaja akambeba, naye huku ananinyooshea mikono juu ya bega la mama yake.

"Mbona kwako, baba?" Gitte akaniuliza.

"Labda nanukia soseji."

Akacheka kidogo. Mchana ule nilimkuta jikoni macho mekundu, akasema ni vitunguu, na alichokuwa anamenya ni viazi.

Sasa sikiliza shida yenyewe. Nimeletewa barua ya hospitali, nyonga yangu niliyoisubiria mwaka mzima inabadilishwa Jumanne ya wiki ya pili kuanzia sasa, nitalazwa, kisha nitakuwa wiki kadhaa na magongo, na wamesema viti vya chini marufuku, na hakuna kiti kilicho chini kuliko kreti ya bia. Nikimwambia Gitte ukweli ninampokonya kitu kimoja alichokuwa anajivunia. Nisipomwambia, Jumanne ile saa sita Fon atafungwa mkanda, atasubiri vidole, na atarudi kutazama matawi. Bi Ravn amejitolea kukalia kreti kwa niaba yangu, anaimba kwaya ya kanisa, na nakiri wazo hilo nimelipima. Nimepima pia kuiahirisha nyonga mpaka masika. Na kwa kuwa hunioni nikikwambia hili, basi acha niliseme: tangu mke wangu Esther afariki sijapata mtu wa kunisubiri saa yoyote ya siku, na sasa saa sita kasoro robo nachana nywele.

Nifanyeje? Ni mimi,
Mzee wa Kreti


Mzee wa Kreti,

Nukta nimeziweka. Zilipungua kumi na moja.

Jibu hili nimelitia posta leo Ijumaa ili likufikie nyumbani kabla ya gazeti kutoka Jumatano. Majina nimebadilisha, lakini kreti ya bia nyuma ya banda la kuni sina namna ya kuibadilisha, na kama binti yako anasoma ukurasa huu ataitambua kabla kahawa yake haijapoa. Kwa hiyo suala la kumwambia au kutomwambia limekwisha. Limebaki la kumwambia vizuri.

Kwanza upokee sifa zako, kwa sababu nyingine huzipati kwangu. Uliona macho ambayo watu wazima wawili waliosoma karatasi zote hawakuyaona. Kuketi pale hukukosea. Ulikosea kuondoka na kreti mtoto akijinyoosha, kila siku, mwezi mzima, ukamwachia binti yako asifiwe kwa kazi ambayo hakujua inafanywa na nani. Usiniambie habari za vidole viwili. Ulijua unachokifanya, kilikuwa kitamu, na ulitaka kiwe chako peke yako. Nakuelewa. Hata hivyo sikuachi.

Fikiri huyu mtoto ametoka wapi. Huko kwao bila shaka alikuwapo mtu wa kumpigapiga akilala. Siku moja akaamka, akatiwa kwenye gari na wageni, na mtu yule hajamwona tena mpaka leo. Sasa wewe ni wa pili, na umejipanga kutoweka Jumanne bila mtu yeyote nyumbani kujua kwamba kuna kilichotoweka. Gitte angemwona mtoto amerudi nyuma, angejilaumu, na wewe ungekuwa hospitali unakula supu.

Nyonga haiahirishwi. Babu asiyeweza kuinuka si babu wa mtoto wa miaka miwili. Na Bi Ravn abaki upande wake wa ua.

Ukishaisoma barua hii nenda kwa Gitte akiwa peke yake. Usingoje Jumapili, usingoje keki, na Flemming ataambiwa baadaye. Usianze na utani. Sema: "Nimekuwa nikimlaza Fon tangu wiki ya kwanza, nilikuficha, nisamehe." Kisha unyamaze. Atakasirika. Ana haki, na huenda akalia bila viazi wala vitunguu. Kaa robo saa nzima bila kuchekesha mtu. Naamini unaweza ingawa hujawahi kujaribu.

Akishatulia, mwambie mambo mawili ambayo wewe umeyaandika bila kuyaona. La kwanza, saa sita ikifika mtoto anaushika mkono wa nani kuuvuta mlangoni? Wa mama yake. Anajua ni nani wa kumpeleka mahali pazuri. La pili, mtoto aliyekuwa hamwiti mtu ameanguka na amelia kwa sauti, akitumaini kuna atakayekuja. Hayo ni baada ya wiki tano tu, mzee, wapo wanaongoja mwaka. Kilichomliza Gitte kilikuwa habari njema, na mwenye kumweleza hivyo ni wewe.

Siku hiyo hiyo saa sita tafuta kreti ya pili. Mkae wote wawili, na mkae mbele, Fon awaone nyuso. Kujificha nyuma ya kifuniko basi. Siku mbili wewe piga vidole, Gitte atazame. Siku mbili zinazofuata vidole viwe vya Gitte, mkono wako uwe ukingoni mwa kigari tu. Halafu urudi nyuma hadi bandani, bado anakuona, Gitte aimbe. Wimbo ule mfundishe. Maneno mbadilishie, ingawa binti wa mchinja nguruwe nadhani anayajua zamani. Mtoto akikataa siku moja msitishike, rudini hatua moja, kesho mwende tena. Hadi Jumatatu, siku moja kabla ya hospitali, awe analazwa na mama yake na wewe uwe ndani unasoma ukurasa wa vifo.

Akianguka tena akaja kwako, shusha hiyo mikono. Mtoto anayelia hanyanyuliwi mikono kama polisi. Shika mkono wake, tembea naye hadi kwa Gitte, mketi wote watatu chini hapo hapo, nyonga ikiruhusu.

Na Fon naye aambiwe. Usinijibu kwamba Kidenmark bado hajakijua. Mwoneshe begi lako, mwoneshe mguu, mwambie unakwenda kutengenezwa na utarudi. Siku ya tatu Flemming amlete hospitalini akuone kitandani, dakika kumi zinatosha. Ukiruhusiwa kurudi, usiletwe mtoto akiwa kwenye usingizi wake wa mchana. Panga na Gitte saa ambayo Fon yuko macho, asimame naye uani, na wewe uingie kwa lango la mbele na magongo yako, polepole, ili apate muda wa kukukagua. Watu wanaoondoka anawafahamu tayari. Anayerudi hajawahi kumwona.