Mfano wa mdogo wangu

Shosti, ngoja nikwambie ya leo kazini.

Si unajua ile kamusi ya Kiingereza na Kituruki tunayoitunga? Leo tumefikia kitenzi cha kumlazimisha mtu. Bosi akataka mfano wa kutoka maishani. Mdogo wangu, si ndiye anayetuchapia, akasema taratibu: "Dada alinifungia chumbani mpaka nikakubali kuolewa."

Mbele ya watu wote! Bosi akasifu: "Safi kabisa!"

Hakujua dada mwenyewe ni mimi.

Akanigeukia nitafsiri. Nikaanza kuandika "mecbur etmek", maana linafaa hata pale hali ndiyo iliyokubana. "Zorlamak", la mtu kumshurutisha mwenzake kwa nguvu, niliona linanisuta.

Mdogo wangu akaniangalia. "Dada, kwani ufunguo alikuwa nao nani?"

Shosti, ninao mpaka leo. Uko kwenye mkoba wangu.