Sikumzaa Neema Aje Kusugua Sufuria za Zahanati

Jumanne, Tunduma. Baridi na upepo, vumbi la malori mpaka kwenye meno. Mimi ndani nachemka.

Shajara, Neema wangu unamjua, nimekusimulia mpaka umechoka. Anasomea uuguzi, na sasa chuo kimempeleka filidi kwenye zahanati moja huko Mbozi ajifunze kwa vitendo. Mimi wa darasa la saba nimezaa nesi. Soko zima linajua. Hata Wazambia wanaonunua vitenge kwangu wanajua.

Leo ilikuwa kliniki ya watoto. Nikafunga kibanda, nikamchukua shoga yangu Mama Subira, twende akamwone mwanangu anavyochanja.

Tulimkuta uani, anasugua sufuria.

Sare nyeupe, masizi hadi viwikoni. Ndani foleni ya akina mama imefika mlangoni.

Mama Subira akaniuliza taratibu, "Ndiyo chanjo yenyewe hiyo, shoga?"

Nilikosa pa kuweka uso.

Nesi mkuu akatoka anatabasamu. "Karibu, mama. Binti yako ana mkono mzuri, ugali wake hauna mfano."

"Ugali nilimfundisha mimi," nikamjibu. "Kwako amekuja kujifunza sindano."

"Hawa bado wanafunzi, mama. Wakikosea, lawama ni yangu."

Sasa asiposhika hiyo sindano, atajua lini? Mtihani wa vitendo unakuja, ataenda kuchanja sufuria?

Neema akanivuta pembeni. "Mama, punguza sauti. Huyu ndiye anayenipa alama. Halafu wewe si ndiye uliniambia nisikatae kazi?"

Ni kweli, nilimwambia. Kwetu mtoto akienda kwa watu hakai bure, anaamka mapema, anafagia, anateka maji. Nilimpa na jogoo awapelekee wenyeji wake wa zahanati. Ile ilikuwa heshima. Wao wakaona wameletewa dada wa kazi.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko masizi.

Njiani nikamwambia Mama Subira, hili haliishii hapa.

Jumanne ijayo narudi. Nitakaa benchi la mbele kabisa, na kitenge changu kipya, mpaka nimwone mwanangu anashika mgonjwa na nesi mkuu amesimama pembeni anamwelekeza. Wakisema hakuna wa kujifunzia, mkono wangu huu hapa. Aanze na kunipima presha, maana wao ndio walionipandishia.