Siku Uliyomwomba Radhi Mtu wa Televisheni

Mpendwa Baba,

Leo nilikuwa na shughuli Diani. Nikamwona weita amebeba sinia la glasi kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameuweka mgongoni, nikasimama kumtazama mpaka akaniuliza kama nimepotea. Sikuwa nimepotea. Nilikuwa nakutazama wewe.

Miaka yote uliyokuwa weita kwenye hoteli moja huko Diani, ulirudi kwetu Msambweni na shati jeupe lisilo na doa, nasi wanao tukikusumbua utuonyeshe. Ulijaza vikombe maji, ukavipanga kwenye sinia, ukauzunguka ua wote bila tone kumwagika. Mama alikuwa akicheka akisema, "Huyu hata usingizini anabeba."

Kisha ukaja ugonjwa wa kusahau. Ulianza kukunyang'anya majina ya majirani, kisha njia za mitaa, mwisho ukakunyang'anya hata mimi. Siku uliyopanda gari hadi Lunga Lunga, kule mpakani, ukiwaambia watu umechelewa zamu ya asubuhi hotelini, ndiyo siku niliyokubali kwamba peke yangu siwezi. Nikakupeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee pale Ukunda. Shangazi Mwanamisi, dada yako, alininunia mwezi mzima.

Huko ukaanguka bafuni. Mfupa haukuvunjika, ila woga ulikuingia. Ukakataa kusimama. Ulikaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, mikono mapajani, na daktari akaniambia wazi kwamba miguu isiyotumika haichelewi kufa. Nilijilaumu, Baba. Nilisema ni mimi niliyekupeleka huko.

Ndipo yule mlezi wako, Nduku, binti wa Kikamba mwenye kicheko kikubwa, akaleta mashine ya michezo ya televisheni. Unashika rimoti, unarusha mkono, na mpira unabingirika ndani ya televisheni na kuangusha chupa.

"Babu, hii game ni rahisi tu," alikwambia. "Shika hivi, alafu urushe."

Uliitazama ile rimoti. Ukailaza juu ya kiganja, mkono wa kushoto ukaupeleka mgongoni, na kabla hatujajua la kufanya, ukainuka.

"Meza namba ngapi?" ukauliza.

Nduku akanigeukia. Nikajibu haraka, "Meza ya dirishani, Baba."

Ukaenda. Hatua saba. Ukainama kidogo mbele ya dirisha, ukasema, "Karibuni sana." Nilikuwa nyuma yako mikono nimeitandaza, nikilia na kucheka.

Tangu hapo kila siku ilianza vile: kwanza unahudumia meza ya dirishani, ndipo unacheza. Ulijifunza kuangusha chupa, ukajifunza na tenisi.

Shangazi alipopata habari alikuja amekasirika. Nilimwamkia, "Shikamoo, Shangazi," akaitika marahaba bila kunitazama. "Mzee mzima mnamchezesha vitu vya watoto," alisema. "Mnamvunjia heshima kaka yangu."

Siku hiyo Nduku alikuwa amekuwekea ndondi. Wewe, ambaye hukupata kumpiga yeyote kati yetu, ulirusha ngumi moja na yule mtu wa televisheni akaanguka chali. Ulishtuka. Ukasogea karibu, ukamwinamia.

"Niwie radhi, bwana," ulimwambia. "Wallahi sikukusudia."

Ukasubiri jibu. Hukutaka kuendelea mpaka ainuke. Shangazi alijiziba mdomo kwa leso, akajizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu ndiye kaka yangu," alisema akifuta machozi. "Hata kuku alikuwa akimwomba radhi kabla ya kumchinja." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na mimi naweza kukishika hicho kitu?"

Akawa anakuja kila Alhamisi. Alikuwa mwizi wa mchezo, Baba, akisogelea televisheni kama kwamba mpira utamwogopa. Wewe ulimpigia makofi hata alipokushinda.

Sitasema kwamba michezo ile ilikurudishia kumbukumbu. Ulisahau nani kashinda hata kabla ya kukaa kitini, na jina langu halikurudi. Lakini usingizi wako ulitulia, chakula ulikimaliza, na miguu ikakumbuka kazi yake. Kwa hiyo Idi ile, ya mwisho kwako, hukubebwa wala kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Ulivaa kanzu, ukaenda uwanjani kwa miguu yako. Baada ya sala watu walipanga mstari kukupa mkono, nawe ukawapokea mmoja mmoja kama wageni wa heshima, bila kumjua hata mmoja.

Tukarudi sote wawili. Barabara kuu ilikuwa imejaa bodaboda na malori, nami akili yangu ilikuwa kwenye pilau niliyoiacha jikoni. Nikaweka mguu lamini. Ukanishika mkono, ukanirudisha nyuma kwa nguvu ambazo sikujua bado unazo.

"Ngoja gari lipite, mwanangu," ulisema.

Huenda yeyote aliyesimama pale ungemwita hivyo. Wazee humwita kila mtu mwanangu. Sikukuuliza. Lori lilipita, nikaendelea kukushika mkono, tukavuka.

Mola akulaze mahali pema, Baba, nami anijaalie subira.

Ni mimi,
kifungua mimba wako