Nilivyoshuka Kumsalimia Trafiki wa Arlington

Twalibu upo? Usipige simu, siwezi kuongea. Nimejifungia chooni kwa dada Ndeshi.

Ile road trip ya kuja kwako Houston Jumamosi, sahau kabisa.

Dada alisema kabla hajaniachia usukani masaa manne ya kuja huko, leo nijaribu ku-drive hapa hapa Arlington. Nikakata kona nikaingia upande wa kushoto kama vile niko Moshi. Polisi akawasha taa nyuma yetu, nika-park pembeni.

Sasa mimi nikafanya ya nyumbani. Nikazima gari, nikafungua mlango, nikashuka kwenda kumsalimia. Si unawajua trafiki wetu, ukibaki umekaa anaona una dharau.

NIKASHUKA, Twalibu! Namfuata huku natabasamu!

Jamaa akarudi nyuma, mkono kwenye bastola, anafoka nirudi kwenye gari. Mimi namwambia "samahani afande", kwa Kiswahili, na mkono naupeleka mfukoni nitoe leseni.

Mfukoni! Huku wanadhani unachomoa bunduki.

Ndeshi akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia: "Melki, mikono juu! Mikono juu!"

Nikainua. Yakaisha kwa onyo tu, hata karibu Texas akaniambia.

Nikarudi garini nikamgeukia dada tucheke. Polisi ameshapotea kabisa, yeye bado kabandika viganja kwenye dashibodi, analia.

"Mama ningemwambia nini?"

Miaka tisa yuko huku, kila Jumapili anatupigia simu anacheka. Nimemwita mara tatu ndipo akaitoa ile mikono.