Karibu, Keti Hapo

Jumatatu, 3 Machi

Ni kivimbe, si ugonjwa mbaya. Ahsante Mungu! Kimeota kwenye nyuzi za sauti, na Jumatatu ijayo kinatolewa. Nikamuuliza daktari, sauti yangu je? Akasema wengi hurudi nayo, wengine hurudi na nyingine, wachache... akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mfukoni mwake. Mimi, mtembeza wageni magofuni! Kazi yangu yote iko kooni. "Hebu fikirini, hapa palikuwa na dari" — maneno hayo ndiyo yanayotulisha.

Nimemwambia mume wangu peke yake. Mama mkwe kashajua. Yule ana masikio, acha tu.

Alhamisi, 6 Machi

Jumba letu la magofuni lina dari! Fundi wa hologramu — tunamwita Waya, maana hatembei bila waya shingoni — leo kawasha mitambo yake yote kwa mara ya kwanza. Kuta zilizobomoka zikapanda zenyewe, nuru tupu. Milango, mazulia, benchi refu sebuleni. Unapitisha mkono, hamna kitu, lakini jicho linakataa kabisa kuamini. Nimelia mbele za watu. Miaka yote nawaambia wageni wafikirie, kumbe mwenyewe nilikuwa nakisia. Dari yangu ya kichwani ilikuwa chini mno.

Sasa inatakiwa sauti ya bibi mwenye nyumba, ya kupokea wageni. Wakubwa wanamtaka mtangazaji wa redio. Nikamweleza Waya habari za koo langu. Hata pole hakusema. Kasema: njoo Jumamosi, na unywe maji ya moto.

Jumamosi, 8 Machi

Tumerekodi stoo, magodoro yamesimamishwa ukutani ili sauti isirudi. Waya kanipa karatasi: "Karibuni katika makazi haya ya kihistoria." Nikamwambia, nani anapokea mgeni hivyo, unamfukuza? Akasema basi pokea unavyojua. Nikapokea! Karibu, mama, pita ndani. Keti, keti hapo kwenye benchi, umechoka wewe. Habari za utokako? Waya alicheka mpaka akaharibu rekodi mara mbili, halafu akayaacha yote vilevile.

Nikasimulia jumba zima, chumba kwa chumba, mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Naogopa. Lakini kama ndiyo mara ya mwisho, walahi nimeitumia vizuri. Waya, Mungu akuzidishie.

Jumanne, 11 Machi

Nimepasuliwa jana. Nipo hai. Kuongea marufuku mpaka Ijumaa ya wiki ijayo — hata kunong'ona. Daktari kanionya kwa kidole: ukiongea kabla, kidonda kitafumuka. Nimemshika mkono, sikuwa na namna nyingine ya kumshukuru.

Mama mkwe kaleta uji. Kasema ndiyo mara yake ya kwanza kumaliza sentensi mbele yangu. Nilitaka kucheka! Kucheka nako marufuku.

Jumapili, 16 Machi

Nipo nyumbani. Mama mkwe hanyamazi. Bei ya vitunguu, paka wa jirani, ndoto yake ya juzi — ananifuata nayo kutoka jikoni mpaka bafuni. Nikamwandikia mume wangu: mama yako ananilipizia? Akasema hapana. Anaogopa. Mama kamwambia nyumba imekuwa kimya kama watu wamehama. Na mimi nilidhani mdomo wangu unamchosha! Nimempikia chai, nikakaa nikamsikiliza habari zote za paka.

Alhamisi, 20 Machi

Ufunguzi. Jamani!

Nimekwenda na mama mkwe, kavaa gauni lake la harusi za watu. Mimi kibao kifuani: SIRUHUSIWI KUONGEA. Wageni walijaa. Mama mkwe akatangulizwa kama mzee. Akasimama kwenye mlango wa nuru, akaita "Hodi!" — na mimi nikamjibu kutoka sebuleni. Karibu, mama, pita ndani. Akageuka kunitazama mdomo. Umefungwa. Machozi yakamlengalenga.

Keti, keti hapo kwenye benchi, umechoka wewe.

"Asante, mwanangu," akasema, "kweli nimechoka." Akapita ndani, akakusanya gauni lake, akaanza kuketi. Kwenye benchi la nuru! Chini yake ni mawe matupu. Mimi niko nyuma ya kamba, Waya yuko juu ya ngazi. Nikapiga makofi kumshtua — watu wakadhani nashangilia, nao wakapiga! Mama anazidi kushuka.

"Mama, usikae!"

Ilitoka. Nzito, ina mikwaruzo, kama kiti kinachoburutwa. Lakini ilitoka! Mama mkwe akaganda nusu amesimama, akadaka tai ya mkubwa wa ofisi, karibu amnyonge. Na kule ndani mimi wa nuru naendelea, bila haya: habari za utokako?

Hajaumia. Nashukuru, nashukuru. Baada ya pale sijatoa neno tena. Kooni panawaka.

Ijumaa, 21 Machi

Kwenye korido ya daktari. Nimemeza mate, nina ladha ya damu — au ni woga. Mama mkwe kang'ang'ania kuja. Kanishika mkono wa kushoto, wa kulia naandika. Ananinong'oneza: ukiulizwa, hukuongea. Aliyeongea ni ile mashine, watu wote walisikia.

Nikamwandikia: daktari ataona kidonda.

Akasoma. Halafu kasema, ile mashine iliniambia nikae. Aliyeniambia nisikae ni wewe, mwanangu, na kwa sauti hiyohiyo mimi nimeridhika, hata isipopona zaidi.

Naandika sioni mstari vizuri. Mlango umefunguliwa. Daktari anasema niingie, niweke kalamu chini, nifikirie neno la kwanza la kutamka. La kwanza! Mama mkwe anatazama viatu vyake. Nasimama, na yeye kasimama, mkono bado hajauachia, na