Dari la Chumba Baridi na Mkwe Nisiyeweza Kuonana Naye

Kosa la wengi ni kudhani kwamba kumheshimu mkwe ni kumnyamazia. Barua hii imetoka Mbeya.

Mshauri wetu, naomba unisaidie, mimi ni mhandisi na nimeolewa katika familia ya Kinyakyusa inayoshika mila, kwa hiyo sionani na baba mkwe wala siongei naye, akiingia mlango wa mbele mimi natokea wa nyuma, na yeye pia ni mhandisi, ndiye aliyepiga hesabu za dari la chumba baridi cha maparachichi cha mfanyabiashara Huzefa pale Mwanjelwa, dari la paneli zenye bati juu na chini na povu katikati, na mwisho wa mwezi mafundi wanapandisha mashine za kupozea juu yake, nami nimezirudia hesabu hizo kwa njia mpya niliyosoma chuoni, dari likapinda karibu mara mbili ya alivyosema. Nikamwambia mume wangu, Danieli, akacheka: "Nikamwambie baba mkamwana wake kamsahihisha? Mke wangu, nihurumie!" Fundi Anord, anayezifunga paneli hizo, naye akaruka juu ya mojawapo: "Ona, dada, hata haitikisiki." Chini ya dari hilo akina mama watachambua matunda kutwa nzima. Nifanyeje?
Tumpe

Binti yangu Tumpe, pole. Sitakuambia uvunje mila. Lakini mila imekukataza kuonana na mzee, haijakukataza kuokoa watu. Danieli anajificha nyuma ya mila hiyo, nawe unaelekea huko huko.

Mkweo si mjinga. Njia yake huichukulia paneli kama kipande kimoja kigumu, na kwa zege au bamba la chuma inafaa sana. Sasa weka godoro kati ya mbao mbili nyembamba, egemeza ncha zake kwenye viti, kisha bonyeza katikati. Mbao hizo hupinda zaidi kuliko ubao mmoja mnene, kwa sababu godoro linaserereka kati yake. Njia mpya huhesabu mwendo wa kila tabaka peke yake, ndiyo maana jibu lako ni kubwa zaidi. Na Anord aliruka mara moja tu; mashine zitakaa miaka, na povu lenye mzigo huzidi kulegea polepole.

Usijione mshindi, hata hivyo. Ugumu wa povu uliotumia umeutoa wapi? Muulize aliyeuza paneli, kisha mhandisi mwingine akague hesabu zako. Kwa mzee, mtume mama mkwe. Aseme kuna swali kuhusu povu, asiseme amekosea. Mtu wa taaluma atalishika swali mwenyewe.

Hayo yanaweza kwenda taratibu. Mafundi hawatasubiri. Mpigie Huzefa leo, umwambie mashine zibaki sakafuni.