Mkanda wa Fedha wa Mina

Bagamoyo,
12 Mfunguo Nne 1302.

Mpendwa kaka yangu Mwinyimvua,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Tabia na watoto, na lile jino lililokuwa likikusumbua limetulia. Huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mimi nimo ndani ya eda, na Mina ndiye anayekwenda kisimani na sokoni.

Nakushukuru kwa rambirambi zako. Zilifika, nami nilizisoma zaidi ya mara moja. Hata sasa nikisikia mtu anakohoa barazani mkono wangu unakwenda kuchukua kikombe cha pili.

Kaka, ninakuandikia nikiwa na hasira, unisamehe. Ni juu ya ule mkanda wa fedha ambao marehemu mume wangu Abdala alimnunulia binti yetu Mina kwa ajili ya harusi yake, siku mliyokwenda pamoja kwenye duka la yule Mwarmenia hapo Unguja.

Abdala alirudi na homa, lakini hakuchoka kunihadithia lile duka. Alisema kila kitu mle kimefanywa kwa mkono: vizibao vya kutarizi, vitambaa vyenye pindo la sindano, hereni, bangili. Alisema Mwarmenia aliuchukua uzi niliompa Abdala aende nao, ule niliopimia kiuno cha Mina nikautia fundo, akapunguza vipande vya mkanda mpaka vikalingana nao. Na ninyi wawili mkabishana, wewe ukitaka bizimu ya ndege na yeye akitaka ya komamanga. Mimi aliniletea soksi za sufi. Soksi za sufi, Bagamoyo! Alinivisha kwa mkono wake, akacheka mpaka akakohoa. Mkanda akasema atampa Mina siku ya Ijumaa, akishapata nguvu ya kukaa. Ijumaa hakuiona.

Matanga hayajaanuliwa, akaja Pazi, kaka yake marehemu, pamoja na mkewe Mwanaharusi. Hakuketi. Akasema, “Shemeji, fungua kasha. Mali ya ndugu yangu nataka kuiona kwa macho.”

Mina akamwambia, “Baba mkubwa, huo mkanda ni wangu. Baba kaupimisha kiuno changu.”

“Kiuno kipi? Huo mchi?” akasema Mwanaharusi. “Utakuangukia miguuni, mwanangu.” Akauchukua, akajifunga yeye mbele ya watu waliokuja kutuhani. Haukufika. Akabana tumbo, akavuta, haukufika.

Jirani yangu Ashatu akamwambia, “Taratibu, bibi, utaukata. Ungemwachia mwenzio sinia moja la ubwabwa wa matanga, ungekutosha.”

Wanawake wakacheka, na hapo Pazi akapandwa na hasira, akasema hata soksi zilizomo miguuni mwangu ni mali ya urithi. Kaka, sijapata kumchukia mtu, wewe unanijua. Pazi namchukia. Nyumba yake ipo nyuma ya soko, na ndugu yake alipokuwa akitetemeka kwa homa hakuja hata kumshika mkono. Alijua njia ya kwetu lilipofunguliwa kasha.

Kwa kuwa mimi sitoki, Bwanaheri, mume wa Ashatu, alikwenda kwa kadhi kunisemea. Kadhi akasema zawadi haijawa zawadi mpaka mwenyewe aishike, au aishike mtu aliyemtuma ampokelee. Soksi ni zangu kwa sababu nilivishwa. Lakini mkanda, kama Mina hakuupokea, ni wa urithi, na Pazi ana fungu lake humo. Pazi anataka sonara aukate vipande kila mtu achukue chake. Bwanaheri aliomba uuzwe ukiwa mzima, Pazi akakataa. Sasa uko kwa kadhi mpaka mwezi uandame.

Siku Abdala alipokuwa anaondoka kuja huko, Mina alimwambia mlangoni, “Ukishaununua mpe mjomba anipokelee, usije ukabadili moyo jahazini ukampa mama.” Nilikuwapo, tukacheka sote watatu. Kama Abdala alifanya hivyo hakuniambia, na mimi kwa ile homa sikumuuliza.

Basi nakuuliza wewe, kaka. Pale dukani, Abdala alikutia mkanda mkononi akasema umpokelee Mina? Kama alisema, panda chombo cha kwanza uje uyaseme hayo mbele ya kadhi, na Pazi asikie.

Ashatu ananihimiza, “Mwandikie kakako aseme alipokea. Mwarmenia atavuka bahari kuja kumkanusha?” Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo, na nilikaribia kuyaandika. Sitaki, kaka. Nilichobaki nacho cha Abdala ni maneno yake, nami sitaki yachanganyike na ya kutunga.

Kama hakusema, niletee jibu hilo hilo, tena upesi. Nitamwomba kadhi amruhusu Mina aufunge mara moja ukiwa bado mzima, Pazi akitazama. Mwanaharusi ameshaujaribu, na mtoto mwenyewe hajaugusa.

Nisalimie sana wifi Tabia, na Hija, na mdogo wake. Mina anakuamkia. Ashatu na Bwanaheri wanakusalimu. Kwa Pazi sina salamu ya kukuletea. Mwenyezi Mungu akuhifadhi wewe na nyumba yako, na ukisafiri akufikishe salama.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Somoe.

Unikumbuke katika dua zako.